Chifu na Mimea Minne ya Rexdale

Serikali ya Kanada, kwa hekima yake, inaruhusu kila nyumba kupanda mimea minne ya bangi. Si mitano. Nilipohamia nchi hii nilidhani uhuru ungenijia na mambo makubwa kidogo kuliko hayo, lakini mtu huanza na alichopewa. Uwanja wetu wa nyuma hapa Rexdale, pembeni mwa Toronto, ni mdogo kiasi kwamba ukiketi na kunyoosha miguu umeshaingia kwa jirani, na mke wangu alikuwa ameutenga kwa ajili ya nyanya.

Sababu yangu ilikuwa mgongo. Nafanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, nikiinua masanduku ya watu wenye haraka. Shahada yangu ya uchumi hunisaidia sana: najua vizuri kwa nini naumia. Maumivu yalipoanza kuninyima usingizi, daktari alinipa vidonge na kuniambia nipumzike, ushauri mtamu mno kwa mtu ambaye masanduku yanamsubiri. Jirani yetu, mama mmoja wa Kijamaika aliyestaafu, alinipa ushauri mwingine kutoka ng'ambo ya ua unaotutenganisha, pamoja na miche minne iliyokuwa kwenye vikopo vya mtindi.

Alinipa pia vyungu vinne vya kitambaa, vyeusi, kama vikapu vya sokoni vilivyofiwa. Akanieleza kwamba kitambaa hupumua. Mizizi ikifika ukingoni hukutana na hewa, ikaacha kujizungusha kama inavyofanya ndani ya plastiki. Akanisisitizia nikanunue udongo mwepesi wa dukani, uliochanganywa na mboji. Nikamshukuru kwa heshima zote, kisha nikachukua koleo nikachimba udongo wa pale pale uwanjani. Mimi, mtoto wa mkulima, ninunue udongo? Nyumbani wangenicheka mpaka wanitungie wimbo.

Basi, udongo wa kwetu pale ni mfinyanzi. Ukiloa ni ugali, ukikauka ni tofali. Ndani ya vyungu vinavyopumua nikawa nimeshindilia kitu kisichopumua kabisa. Miche ikageuka manjano, majani yakalegea. Nikamwagilia zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa ya mtu asiyejua. Maji yakatuama juu, yakaniangalia.

Mke wangu ni muuguzi na amezoea kutoa habari mbaya kwa upole. Alipita akanitazama, akasema, "Pole, mume wangu. Umejaribu."

Hali ikiwa hiyo, baba yake akaja kutoka Kenya kututembelea.

Ni lazima nieleze baba mkwe wangu ni nani. Ni chifu mstaafu. Miaka yake yote ya kazi aliwinda vitu viwili, pombe haramu na bangi. Sebuleni kwake kuna picha kubwa yake akiwa na sare ya kaki na kofia, fimbo kwapani, nyuma yake lundo la bangi linawaka moto. Anatabasamu kama bwana harusi. Nilipokwenda kuposa waliniketisha chini ya picha hiyo, na sidhani kama kiti kile kilichaguliwa kwa bahati mbaya.

Mke wangu alinishauri nimwambie mapema. Mimi, kwa busara yangu, nikavifunika vyungu kwa shuka kuukuu. Asubuhi ya kwanza nilimkuta nje amesimama na kikombe cha chai, koti la baridi mwilini katikati ya Juni. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni.

"Kijana."

"Naam, Baba."

"Hii ni nini?"

"Ni maua, Baba."

Alinitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama watu waliofikishwa ofisini kwake. "Maua," akasema. "Maua haya nimeyang'oa kwenye kila kilima cha lokesheni niliyoitawala."

Nikamweleza sheria. Hakuniamini. Nikaona dawa ni kumpeleka akajionee duka la bangi, pale karibu na kituo cha basi, kati ya duka la dawa na mahali pa kuku wa kukaanga. Dukani mlikuwa na taa nzuri, muziki wa chini chini na msichana mwenye sare. Kwanza alimtaka mzee huyu, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, athibitishe kwamba ametimiza umri. Baba mkwe akatoa pasipoti. Kisha msichana akamuuliza kwa uchangamfu kama anatafuta ya kumlaza au ya kumchangamsha.

"Anasemaje?" mzee akaniuliza. Kiingereza chake ni kizuri, ila siku hiyo masikio yake yalikuwa yamegoma.

Nikamtafsiria.

"Mwambie namtafuta mwenye duka," akasema. "Na mwambie asikimbie."

Nikamwambia msichana kwamba mzee anatazama tu.

Mezani usiku huo mzee alikula, akanawa mikono, kisha akamwambia binti yake, "Sheria ni sheria. Ya kule niliitumikia. Ya hapa nitaiheshimu." Nikashusha pumzi. Nilidhani yameisha.

Asubuhi akaniita tena nje. "Lakini kuna mateso hapa," akasema, akichoma udongo wangu kwa kidole kisipenye. "Huu ni udongo wa kufinyangia vyungu, kijana. Si wa kutia ndani ya vyungu. Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha, Baba."

"Inaonekana."

Akaenda mwenyewe uani kwa jirani, akavua kofia, akamwamkia na kumuuliza. Yule mama akamweleza yale yale aliyonieleza mimi, tofauti ikiwa kwamba yeye alisikiliza. Siku hiyo hiyo tukaenda kununua udongo, mweusi na mwepesi, wenye punje nyeupe kama bisi zilizosagwa. Baba mkwe aliichovya mizizi kwenye ndoo ya maji na kuuondoa ule mfinyanzi taratibu kwa vidole, kama anamwosha mtoto mchanga. Mmea mmoja ulikufa. Mitatu ikakubali kuishi.

Tangu hapo nikapoteza shamba. Kila asubuhi mzee alikagua vyungu, mikono mgongoni, mama wa Kijamaika akiwa upande wa pili wa ua na kikombe chake. Walibishana kuhusu maji, jua na vidudu. Mimi niliruhusiwa kubeba ndoo, kazi inayoufaa sana mgongo mbovu. Mimea ikanipita kimo.

Mnamo Agosti yule mama aliona vifuko vidogo kwenye kifundo cha mmea mmoja, akapiga ulimi. "Huyo ni dume," akasema. "Mng'oeni, la sivyo atawatia wenzake mbegu na mtavuna upuuzi."

Baba mkwe akavua koti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila koti tangu afike. "Hiyo niachie mimi," akasema. Akapanua miguu, akashika shina kwa mikono miwili, akalizungusha kidogo na kuvuta. Mmea ukatoka mzima, mizizi yake imeshika umbo la chungu.

"Mzee, mkono haujasahau!" nikasema huku nikicheka.

Yeye hakucheka. Aliuweka mmea chini, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Yule jirani akaingia ndani kwake. Nadhani aliona uso wa mzee.

"Kulikuwa na mtu mmoja," baba mkwe akasema. "Tulikaa dawati moja shuleni. Alikuwa na mimea nyuma ya zizi, haikufika hata kumi. Nilipewa habari, nikaenda na askari. Niliing'oa kwa mikono yangu ili watu waone kwamba chifu hachagui rafiki. Akafungwa. Aliporudi, shamba limeuzwa, mke amerudi kwao."

Nikasema upuuzi. "Ilikuwa sheria, Baba."

"Najua ilikuwa sheria. Mimi ndiye niliyemsomea." Akatazama mimea miwili iliyobaki. "Na huyu mtoto wa dukani anaiuza chini ya kiyoyozi."

Niliusogeza ule mmea pembeni, nikaketi karibu naye. Tukakaa hapo mpaka mke wangu akatuita kula.

Septemba maua yalikomaa, na harufu ikaja. Hakuna aliyenionya vya kutosha kuhusu harufu. Inapita chini ya mlango, inapanda ngazi, inakusalimu kabla ya mwenye nyumba. Na Mungu, ambaye ratiba zake ni nzuri, akapanga kwamba zamu ya kuandaa ibada ya nyumbani ya kanisa letu iangukie kwetu wiki hiyo hiyo.

Watu walijaa sebuleni. Joto lilikuwa kali, madirisha wazi. Baada ya wimbo wa pili, mama kiongozi wa ibada, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusimamisha lori, akanusa hewa. "Jamani, kuna harufu hapa."

"Ni kicheche, Mama," nikasema haraka. "Mtaa huu wamejaa." Huo si uongo mtupu, vicheche wa Toronto wapo na wananuka hivyo hivyo.

"Masikini. Basi tuombe aondoke."

Tukasimama, tukashikana mikono, tukamwomba Bwana amwondoe kicheche. Mimi ndiye niliyesema amina kwa sauti kuliko wote. Nilipofumbua macho, mke wangu alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyetema dawa, na baba mkwe alikuwa bado amesimama.

"Hakuna kicheche," akasema. "Ni bangi. Ni yangu. Iko nyuma, mimea miwili, na sheria ya hapa inaruhusu minne. Anayetaka kuiona aje."

Nilitafuta mahali pa kujificha nikapata mto wa kiti tu. Mama kiongozi akaweka Biblia yake mezani, akajifunga kitambaa vizuri kiunoni. "Mimi nataka kuiona," akasema.

Waumini wote wakamfuata nje kwa mstari. Wakaizunguka mimea. Mmoja akauliza kuhusu vile vyungu vya kitambaa, kama vinafaa kwa nyanya. Mama kiongozi akaligusa jani kwa ncha ya kidole. "Nasikia inasaidia magoti."

"Sijui, Mama," baba mkwe akajibu. "Mimi nimezoea kuichoma tu."

"Kwa kuvuta?"

"Kwa mafuta ya taa."

Mama kiongozi alicheka mpaka akashika ua wa jirani asianguke, na nadhani hapo ndipo ibada yenyewe ilipofanyika.

Tulivuna kabla baridi haijauma, tukatundika matawi kwenye chumba cha chini. Jirani akanifundisha kupika majani kwenye siagi na kutia kidogo kwenye chai. Baba mkwe alikataa kuonja. "Mimi ni mkulima tu," akasema. Nilikunywa, nikasubiri miujiza. Nikasinzia kitini jioni nikaamka alfajiri, mgongo ukiuma kuliko jana yake, kwa sababu ya kiti.

Mzee alirudi Kenya muda mfupi baadaye. Siku moja akapiga simu, mke wangu akaweka simu kwenye spika ili nami nisikie. Alikuwa amekwenda kumwona yule mtu wa dawati moja. Alikaribishwa, akapewa chai. Akamsimulia yote: duka, msichana wa sare, vyungu, mama wa Kijamaika, jinsi alivyoosha mizizi kwenye ndoo.

"Akasemaje?" mke wangu akauliza.

"Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, 'Chifu, chai yako inapoa.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikainywa."

Kisha akasema atakwenda tena Jumapili, na mke wangu akamwambia aende, na asiende mikono mitupu.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Makoti yetu ya baridi hukaa kwenye kile chumba cha chini, na hakuna aliyekumbuka kuyatoa kabla ya kutundika matawi. Nimeyafua, nimeyaanika kwenye upepo wa Novemba, nimeyanyunyizia marashi ya mke wangu mpaka akanikataza, na harufu haitoki. Kila nikipanda basi la barabara ya Kipling kwenda kazini, kiti cha pembeni yangu hubaki wazi, isipokuwa vijana wawili watatu ambao huja kuketi karibu na kunisalimu kwa heshima ambayo shahada yangu haijawahi kuniletea.