Boriti ya Tatu

Jumapili iliyopita, ndugu yangu, nilialikwa kwenye ubatizo, nikajikuta tena ndani ya kanisa la utotoni mwangu, magharibi mwa London. Nguzo ni zile zile nene za mawe, na matao yaliyochongoka juu yake. Baridi bado inapanda miguuni kutoka sakafuni. Lakini huko juu, katikati ya mbao nyeusi za karne nyingi, siku hizi kuna chuma.

Baba alikuwa seremala Mombasa. Hapa alipanga mizigo ghalani, karibu na uwanja wa ndege. Ibada ikiisha, watu wakienda nyuma kunywa chai na biskuti, yeye alibaki ameinua uso. "Tazama, mama," aliniambia, maana nina jina la mamake, "hakuna hata msumari. Mti umeshikwa na mti." Akanitajia majina ya mbao za paa: mwamba, pau, kombamoyo. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba biskuti zitaisha.

Siku moja aliona unga laini umedondokea benchi. Akaugusa, akaunusa, akanishika mkono hadi kwa padri. Kiingereza cha baba kilitosha ghalani, ila hakikuwa na maneno ya ufundi wake.

"Mwambie boriti ya tatu, pale inapoingia ukutani, imebunguliwa na wadudu. Wapande wakaiangalie."

Msichana wa darasa letu alikuwa amesimama pale na wazazi wake. Niliona haya: baba yangu, na koti lake la kazini, amfundishe padri kanisa lake mwenyewe! Nikasema baba anashukuru kwa mahubiri. Padri akampa mkono, akitabasamu.

"Amesemaje?" baba akaniuliza.

"Wataiangalia."

Majira ya baridi ya pili baada ya hapo, kipande cha boriti kilianguka juu ya mabenchi. Ilikuwa siku ya kazi, hapakuwa na mtu. Baba aliposikia aliacha kula, ugali ukapoa mbele yake.

"Niliwaambia," akasema. "Kumbe walinichekea tu."

Hakurudi tena. Tukawa tunasali na Wakenya wenzetu katika ukumbi wa shule, chini ya dari nyeupe iliyo bapa, na baba aliimba akitazama viatu vyake. Hata nyumbani hakutaja mbao tena.

Padri yule alikuwa mtu msikivu. Nadhani angepanda ngazi mwenyewe.

Baba alifariki mwaka jana, akiamini alidharauliwa pale. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kumwambia ukweli, jioni nyingi tukimenya viazi pamoja, tukitazama mpira. Ningependa kukuambia kwamba niliogopa. Hapana. Mwanzoni niliona haya, halafu nikazoea.