Mteremko wa Barabara ya Irumu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo magoti yangu huikumbuka kabla ya kichwa. Ilikuwa asubuhi, wakati wa vita. Risasi zililia upande wa mtaa wetu, Bunia, nasi tulikuwa tayari barabarani kuelekea Irumu: mimi, mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa kwanza, na mama mkubwa, dada ya mama yangu, mshonaji nguo. Tulisukuma baiskeli iliyobeba gunia la maharagwe, sufuria, godoro na cherehani yake ya chuma, nzito kama maiti.

Wasukuma baiskeli wa kwetu wakifika penye mteremko mkali hufunga tawi kubwa nyuma, liburute ardhini, na mtu mmoja hushika kamba akivuta kwa nyuma. Mama mkubwa alikwisha kulifunga tawi. Mimi nikalifungua, naye akabaki na kamba tu mikononi. Milio ilikuwa inasogea, na tawi lilituchelewesha.

“Mama mukubwa, mu fizike kitu kizito na chepesi vinashuka sawasawa,” nilimwambia.

“Na hiyo fizike yako iliisha kukutana na bariyeri?”

Nilicheka, kana kwamba vizuizi vya barabarani vilikuwa vya wengine. Nilikuwa na umri wa kuwacheka wakubwa.

Sikusema uongo, mwanangu, nilisema nusu. Vitu hivyo hushuka sawa, ila kizito kikishashika mwendo, kukisimamisha kunataka nguvu kubwa zaidi. Nusu hiyo nilikuwa nimeijibu vizuri sana kwenye mtihani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu ulikuwa nyuma ya kona: kamba imevutwa kukatiza barabara, vijana watatu, bunduki. Desturi yao tuliijua wote. Anayesimama kabla ya kamba ni msafiri. Anayeivuka ni adui.

Tulishuka mbio, tukaipita kona, nikakaba breki. Zikanuka, hazikushika. Nilikita visigino, kandambili zikakatika. Kijana mmoja akainua bunduki, nikaona tundu lake, dogo na jeusi, likinifuata mimi peke yangu. Baiskeli haikuwa na habari. Kitu kinachokwenda hakijui kwamba unaogopa.

“Angusha! Angusha chini!” mama mkubwa alipiga kelele nyuma yangu.

Cherehani ile ndiyo ilikuwa chakula chetu. Niliielekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo, ikaniangukia mguuni, tukaburuzana pamoja mpaka kamba ya barabarani ikawa juu ya paji langu la uso.

“Mbio hivyo, unaenda kwa nani?” kijana aliuliza. Bunduki haikushuka.

“Ni muteremuko, yaya,” nilijibu, nikimwita kaka mkubwa.

“Muteremuko!” Aliwageukia wenzake. “Musikie huyu. Iko anasingizia mulima!”

Walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote, kwa kuwa kidole cha yule mwenye bunduki hakikucheka.

Mama mkubwa akaja polepole, akapiga magoti, akafunua viganja. Hakuwa ameiachia kamba ya nyuma hata mara moja. Ngozi ilikuwa imetoka yote.

“Angalia, mutoto yangu,” alimwambia mwenye bunduki. “Minakuwa navuta nyuma. Mutu mwenye kuja kwa vita, atajivuta nyuma?”

Yule kijana aliitazama ile mikono, kisha akaishusha bunduki. Walichukua cherehani na maharagwe. Tukapita.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilichubuka tu, ndiyo maana pengine nilisikia nusu. Mama mkubwa hakunigombeza mpaka tulipofika Irumu. Ndipo alisema, “Weye uliogopa ile ya nyuma, ukasahau ile ya mbele.”

Mwanangu, hofu ni nguvu. Itakusukuma, na hilo si kosa, siku nyingine ndiyo inayookoa. Ila haitakusimamisha. Wale vijana watatu nao nadhani walisikia milio nyuma yao, wakasukumwa kidogo, wakashika mwendo, na hawakuwa na mtu wa kuwavuta. Kwa hiyo uliza ukiwa bado juu, mguu ungali wako: nikihitaji kusimama, nitasimama kwa kitu gani? Ukiuliza chini, utajibiwa na mwingine.

Mungu akupe miguu myepesi siku ya kukimbia, na akuwekee nyuma mtu mwenye mikono isiyoachia. Ukimpata, usimcheke.