Mnaouliza gundi ya kuungia vyombo: yaliyomkuta marehemu mume wangu na sahani ya mama yake

Wakuu, amani iwe kwenu. Shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjaziandika, maana humu ndani sidhani kama kuna wa kunipita umri.

Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Na ninachokisema nimekiona kwa macho yangu haya. Anayetaka chai, majukwaa ya chai yapo tele, hapa si mahali pake.

Juzi kuna kijana aliuliza gundi ipi nzuri ya kuungia sahani na vikombe vya jikoni. Mmoja akamjibu super glue, mwingine akamwambia "nunua nyingine, acha ubahili," mkacheka weee. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza hiyo sahani ni ya nani na itatiwa nini.

Mie ningemuuliza hilo kwanza.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, Uhuru bado miaka michache. Msasani mnayoijua nyie, ya mahoteli na kuta ndefu, haikuwepo. Kilikuwa kijiji, nyumba za udongo na makuti. Ukitaka kwenda mjini unatembea, au umpate mwenye baiskeli akuonee huruma. Ndiko nilikoolewa, msichana mbichi kabisa.

Mume wangu, Shabani, alikuwa seremala. Alifanya kazi mjini kwenye karakana ya Mwarabu mmoja, wanatengeneza vitanda na makabati. Mama yake, Bi Mwanaheri, alizaa wengi akawazika wengine wote, akabaki na huyo huyo. Basi mama na mwana walikuwa kitu kimoja, na mie mle ndani nilikuwa kama mgeni aliyesahau kuaga.

Lakini sikumchukia, jamani. Alikuwa mkali, ila alikuwa mkweli, na uongo alikuwa hauwezi hata wa mtoto.

Sasa nije kwenye sahani.

Bi Mwanaheri alikuwa na sahani ya kaure, nyeupe pe, ina mstari wa buluu ukingoni. Alipewa na mama yake alipoolewa. Haikupakuliwa wali hata siku moja. Ile ilikuwa ya kombe.

Kwa wasiojua: mtu akiumwa, mwalimu wa madrasa anaandika aya za Kurani kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani. Halafu anayasuuza yale maandishi kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Ndilo kombe hilo. Unaamini, huamini, shauri yako, sijaja kubishana na mtu.

Nyumba nyingi pale zilikuwa na sahani za bati tu. Kwa hiyo mtoto akishikwa na degedege, mwanamke akikwama na uchungu, watu wanakuja kwa Bi Mwanaheri kuazima. Anaitoa mwenyewe, anaipangusa kwa upindo wa kanga, anaikabidhi kwa mikono miwili. Ikirudi anaigonga kwa ukucha. Kaure nzima inalia, tiiing. Akishasikia hivyo ndipo anasema, "Haya, mgonjwa anaendeleaje?"

Basi ikafika zamu yake. Homa, tumbo, analika tu pale kitandani.

Msije hapa na "mngempeleka hospitali." Tulimpeleka. Akapewa dawa, akazimeza, akarudi vilevile.

Akasema, "Mwambieni Mwalimu Bakari aje Ijumaa baada ya swala aniandikie kombe. Kwenye sahani yangu."

Ilikuwa Jumatano. Shabani akasema ngoja aitoe sahani mapema aisafishe. Ilikuwa inakaa kwenye susu, yaani kile kitu cha kamba tulichokuwa tunaning'iniza darini kuwekea vyombo, panya wasifike. Kumbe kamba imeshaoza. Kuivuta tu, ikakatika.

Vipande vitatu vikubwa na kijipande kama ukucha.

Mama chumbani akaita, "Nini hicho?"

Nilikuwa nimesimama pale na ufagio mkononi. Shabani akanitazama, akaweka kidole mdomoni. Akajibu, "Kibia, mama. Kile cha udongo, cha mchuzi."

Hapo ndipo ilipoanzia. Angesema kweli angetukanwa kidogo, basi.

Sasa tukawa na kazi ya kuchagua gundi, na nyie mnaopenda mambo ya gundi hapa ndipo mtege masikio.

Mie nilimwambia tutumie ute wa yai na chokaa. Bibi yangu alikuwa akiunga hivyo vyombo vyake. Unakoroga mpaka inakuwa kama uji mzito, unapaka, unafunga kwa kitambaa, unaacha. Lakini inataka siku nyingi ikauke, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Kuna ulimbo wa mfenesi. Unanata vizuri, ila haugandi asilani. Sahani inakaa inateleza kama mlevi.

Kuna sandarusi. Hayo ni machozi ya mti, yaliyolala ardhini miaka na miaka, watu wanayachimba. Hiyo ndiyo bora kuliko zote, maji hayaiwezi. Lakini wachimbaji walikuwa huko Bunju, kwenda na kurudi kwa mguu siku imekwisha, na huna hakika kama utamkuta mwenye nayo.

Shabani akanikata kauli. "Mke wangu, mie kazi yangu ni kuunga. Nitaleta sherisi."

Sherisi ndiyo gundi waliyokuwa nayo maseremala wa zamani. Inakuja vipande vigumu vya rangi ya kahawia, unaitia kwenye kopo, unalichemsha kopo ndani ya maji mpaka iyeyuke. Ikishika mti, mti utavunjika pembeni lakini si pale palipoungwa.

Inanuka, nyie! Nikamwambia, "Mume wangu, mbona inanuka ngozi?" Akasema ikikauka hainuki.

Na kweli. Ijumaa asubuhi haikunuka, na ule ufa huuoni mpaka uutafute. Alikuwa fundi, Mungu amrehemu.

Mwalimu Bakari akaja. Akaandika pole pole kwa kalamu ya mwanzi, maandishi ya manjano yakajaa sahani nzima. Mie nimemwegemeza mama kifuani. Mama alinyoosha kidole aigonge sahani kama kawaida yake, mkono haukufika, akaurudisha. Nilimwona Shabani anapumua.

Sasa mama alikuwa na baridi ya homa, meno yanagongana. Mwalimu akaniambia niyapashe maji moto kidogo. Nikayapasha. Sikujua, na Shabani mwenyewe alikuwa hakufikiri hadi hapo. Sherisi inaogopa maji, na maji ya moto ndiyo yanaiyeyusha. Alilijua hilo kwenye kopo kila siku, kwenye sahani likampotea.

Mwalimu akayasuuza maandishi kwa maji yale, mama akanywa funda la kwanza papo hapo sahanini. La pili.

La tatu sahani ikaachana mdomoni mwake. Kipande kikamwangukia kifuani, maji yote yakateremka kwenye kanga. Na ile harufu ikapanda, harufu ya ngozi mbichi iliyoloweshwa. Chumba kizima.

Mwalimu akauliza taratibu, "Shabani, umeiunga na nini?"

"Sherisi, mwalimu."

"Na sherisi inatokana na nini?"

"Ngozi na mifupa."

"Ya mnyama gani? Kachinjwa na nani?"

Nani angejua? Inakuja na meli kutoka Ulaya, kwenye magunia. Inaweza kuwa ya ng'ombe, inaweza kuwa ya mzoga, inaweza kuwa ya yule tusiyemtaja. Na maneno ya Mwenyezi Mungu yameandikwa juu yake, na mama amekunywa.

Mwalimu hakugomba. Alisema tu, "Haya, msuuzeni mama mdomo."

Wakuu, hilo neno mpaka leo sijalisahau.

Mama alimtazama mwanawe. Hakusema najisi, hakusema haramu. Alisema, "Ulisema kibia."

Akageukia ukutani.

Tangu hapo akawa anapokea maji mkononi mwangu tu. Shabani anakaa mlangoni, hali, hanywi. "Mama, niwie radhi. Mama, nakuomba." Kimya. Sie tuliolelewa pwani tunajua radhi ya mama ni nini. Unaweza kuswali mpaka goti liote sugu, kama mama hakukuridhia unajua una mzigo. Yule kijana alitaka neno moja tu kutoka kwa mama yake, na mama neno analo, na hamwambii.

Asubuhi moja nikawa namfuta uso. Akafumbua macho, akaniambia, "Mwambie aiunge sahani yangu. Kwa kitu cha halali."

Nikamshika mkono. "Mama, unamridhia?"

Akasema, "Mwambie aiunge."

Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakwenda.

Nilimwambia Shabani baada ya mazishi, neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza. Hakulia. Alikwenda kuviokota vile vipande akavisugua kwa mchanga na maji, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka saba, kama inavyotoharishwa najisi nzito, na kijipande cha ukucha nacho.

Akaanza na yai na chokaa, lile shauri langu. Ikakauka vizuri, akaijaza maji, jioni ikaanza kuvuja, siku ya pili chokaa imemeguka. Chokaa yenyewe ilikuwa ya zamani, imeshalala. Akajaribu ulimbo, akaishia kuikwangua. Mtu mmoja akamshauri atie lami ya barabara. Karibu ampige. Lami, kwenye sahani nyeupe ya mama yake?

Mwisho akaenda Bunju. Akarudi na bonge la sandarusi limefungwa kwenye jani, miguu imevimba.

Akalisaga likawa unga. Akapasha kingo za sahani juu ya makaa, akanyunyiza ule unga, ukayeyuka, akabana. Akafunga kwa kipande cha kanga ya mama. Ilipopoa pale palipoungwa pakabaki na rangi ya manjano, kama yale maandishi ya zafarani.

Kulipokucha akaichukua mpaka makaburini, mie nyuma yake. Akaiweka juu ya kaburi, akaijaza maji, akakaa chini kuitazama. Jua likapanda. Halikudondoka hata tone.

Akayamwaga yale maji kaburini. Kisha akaigonga kwa ukucha, kama alivyokuwa akifanya mama.

Ikasema tk.

Akaigonga tena. Tk.

Akanigeukia, "Hailii."

Nikamwambia, "Mume wangu, inashika maji."

"Lakini hailii."

Hapo ndipo alipolia yeye. Mtu mzima, fundi, analia makaburini asubuhi kweupe, na mie sijui nimshike wapi.

Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo. Tulizaa, tukapata wajukuu, tukahamia Kawe, akajenga. Watu walimjua kwa kucheka. Ila haikutokea tena chombo kikaanguka ndani ya nyumba asiseme mara moja, "Nimevunja mie." Hata kilichovunjwa na paka.

Alipokuwa anakata roho mie ndiye niliyekuwa pembeni. Akaniuliza, baada ya miaka yote hiyo, "Hivi mama aliniridhia?"

Nikamwambia, "Alikutuma kazi. Mtu hamtumi asiyemtaka."

"Nakuuliza, ulimsikia akitamka?"

Wakuu, ningeweza kusema ndiyo. Ingenigharimu nini? Lakini yote yale yaliletwa na uongo mdogo wa kibia. Nikashindwa kumsindikiza kwa uongo mwingine.

Nikasema, "Hakutamka."

Akasema, "Haya." Hakusema kingine mpaka mwisho.

Sasa wewe kijana wa gundi. Super glue itashika, sikatai. Ila kwanza jua chombo ni cha nani, na kitatiwa nini, cha moto au cha baridi, cha kuliwa au cha kutazamwa. Na kama ni cha mama yako, kabla hujaenda dukani kanyooshe maneno, "Mama, nimevunja sahani yako." Atakufokea. Pokea.

Na nyie wenye watoto, msiikalie radhi kama kuku wa mayai viza. Mie wanangu wakija Jumapili, kabla sijapakua wali, naanza, "Nimewaridhia nyote, hata wewe usiyepokea simu." Wananicheka, wanasema bibi kaanza. Wacheke tu.

Sahani ninayo hapa kabatini. Kabla sijaanza kuandika nimeitoa nikaigonga. Unajua tena, mtu hakosi kutumaini.

Ninachotaka mnijibu ni kimoja, na msinionee haya kwa ajili ya umri. Yule mtu aliponiuliza pale kitandani, ningemwambia ndiyo?