Jibu Alilomjibia Baba

Fundi alishona sare za shule kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mzazi aliyewahi kumrudishia sketi kwa kosa la kipimo. Akikuambia kesho saa nne, ni kesho saa nne. Ndiyo maana baba yake, mzee aliyestaafu kazi ya kupaka rangi majumba, alipokutwa na uvimbe wa saratani tumboni, Fundi ndiye aliyeachiwa na kaka yake na mdogo wake kila kitu: mafaili, dawa, na kuongea na madaktari.

Daktari mpasuaji alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini. Aliwachorea tumbo nyuma ya karatasi ya vipimo, akawaonyesha sehemu atakayoikata.

"Ni upasuaji mkubwa," alisema. "Si kila mwili unauweza. Kisu chenyewe sikihofii sana. Nahofia siku zinazofuata, mapafu na moyo vikielemewa. Mzee, ukipanda ngazi unachoka?"

Baba alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Fundi akadakia.

"Hachoki, daktari. Kwangu ni ghorofa ya tatu, na akija ananitangulia."

Ukweli ni kwamba baba hakuwa amefika kwa bintiye tangu mwaka uliopita. Mara ya mwisho aliishia ghorofa ya kwanza, akaketi kwenye ngazi, mkono kifuani, akatania kwamba wenye nyumba wameongeza jengo urefu bila kumwambia.

"Na sigara?"

"Aliacha zamani."

Alikuwa ameacha asubuhi ile ile, kwa heshima ya hospitali.

Baba alimtupia binti yake jicho, kisha akainamia viatu vyake. Daktari akaandika. Fundi alijua vizuri anachokifanya. Jirani yao alikataliwa upasuaji kwa sababu ya moyo, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, akaisha taratibu mbele ya macho yao. Hakutaka baba yake apewe vidonge na pole.

Upasuaji ulichukua saa tano. Uvimbe ulitoka wote. Kaka yake alimkumbatia pale kwenye benchi, akamwambia, "Umempigania mzee."

Siku ya tatu baba akaanza kuhema. Siku ya nne akawekewa mashine ya kupumulia. Alikaa nayo siku kumi na moja, mpira kooni, hawezi kusema, macho yakimfuata Fundi kila alipozunguka kitanda. Kisha moyo ukasimama.

Wiki tatu baada ya maziko Fundi alirudi kwa daktari. Alingoja mpaka mgonjwa wa mwisho atoke, akaingia, akasema yote akiwa amesimama.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Ungeniambia, ningemchelewesha wiki kadhaa," alisema. "Aache sigara kweli, afanye mazoezi ya pumzi, tuupime moyo. Huenda ningesema upasuaji haumfai kabisa. Huenda angekufa vilevile. Sijui, dada yangu, na siwezi kukudanganya."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe peke yako. Ngazi ziko hapo nje, na sikumpandisha. Niliridhika na maneno yako."

Fundi alikuwa amejiandaa kufokewa. Upole ule ulimchoma zaidi.

Jumapili aliwaita ndugu zake, akawaambia nao. Kaka yake alijibu haraka mno, "Ulitaka apone," kisha akaenda jikoni kuangalia chai, ingawa chai ilikuwa imeshaletwa. Mdogo wake wa kike hakulia wala hakugomba. Aliuliza swali moja tu.

"Baba mwenyewe alitaka kusema nini?"

Fundi hakujua. Hakumpa nafasi.

Mpaka leo mdogo wake humpigia simu, wakaongea habari za watoto na za mvua. Lakini mtu akiugua nyumbani kwake, humpeleka hospitali mwenyewe, na Fundi husikia habari hizo baadaye kwa watu wengine.