Mti wa Maepo Uani kwa Leonida

Sisi watu wa Tanga epo tulikuwa tunaliona hospitalini, mgonjwa akiletewa moja limefungwa kwenye karatasi, nasi tuliokuja kumpa pole tukilitolea macho lile tunda kuliko tulivyomtazama yeye. Kwa hiyo mimi Zabibu, ninayeuza vitenge Newtown hapa Johannesburg, sikuwa na sababu ya kujua lolote kuhusu mti wake. Yote ninayoyajua nimeyapata kwa Leonida, na mengine nisingependa kuyajua.

Leonida ni mtu wa Makete, kule juu ambako watu huota moto hata mchana. Baba yake alikuwa mtunza bustani wa misheni, na miti ya maepo ndiyo iliyomsomesha. Alipokua akashuka Morogoro kufanya kazi ya jikoni, akakutana na Sipho, fundi seremala aliyekuwa akiishi uhamishoni Mazimbu na wenzake waliopigania ukombozi wa Afrika Kusini. Wakaoana. Njia ya kurudi ilipofunguka, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Sipho akamleta Johannesburg. Alipoona mkewe analia, akamwambia kwao nako kuna baridi, atapanda maepo yake na kuyala kama nyumbani. Mwanamume akitaka kukuhamisha huahidi hata hali ya hewa.

Nyumba yao iko Randburg, ndogo, ila ua wa nyuma unapata jua. Mti wa kwanza Leonida aliuchagua kwa kuangalia picha. Ulikuwa Starking, lile epo jekundu la madukani. Alidhani baridi hii inayotupasua midomo na visigino itautosha. Haikuutosha. Mti ule unataka baridi ndefu isiyokatika, na huku usiku maji yanaganda kwenye ndoo lakini mchana mtu anavua koti. Kila mwaka uliamka nusunusu, jani hapa, jani pale, kama mtu aliyenyimwa usingizi. Akauvumilia, mwisho akaung'oa.

Mti wa pili ulikuwa Anna. Muuza miche alimsifia kwamba huo unahitaji baridi kidogo tu, na hapo hakusema uongo. Tatizo ni kwamba mwezi wa nane zikija siku mbili tatu za joto, Anna anaona baridi imekwisha, anajipamba maua mwili mzima. Kisha sakitu inarudi usiku mmoja, ule umande unaoganda na kuyafanya majani meupe, na asubuhi maua yote yamekuwa rangi ya chai. Leonida alikuwa akiufunika kwa mashuka. Nikamwambia dada, unauvisha sanda mti ungali hai, akacheka mpaka akakaa chini. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Kwa hasara hizo akajifunza kuchagua. Aliniambia kwamba mti wa epo hauuawi na baridi ya huku, hata wa kizembe unaivumilia, na kwamba swali la kumuuliza muuza miche ni moja tu: unaamka lini? Anayeamka mapema ataunguzwa, anayetaka kulala sana hataamka vizuri. Alitafuta wa katikati, akazunguka kwa wauza miche mpaka wakamchoka, akaishia kwa Granny Smith, lile la kijani lenye ukali. Baridi ya Randburg inautosha, na maua yake hutoka sakitu ikiwa imeshaaga. Akaupanda, akasubiri.

Wakati anasubiri, Sipho akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa ganzi, akawa wa kuogeshwa, wa kulishwa, wa kusindikizwa kliniki na kukalishwa kwenye foleni tangu alfajiri. Binti yao, Lerato, yuko Pretoria na kazi yake na watoto wake, watoto ambao bibi akiwasemesha Kiswahili wanamjibu kwa Kizulu. Magoti ya Leonida yakaanza kulalamika. Nilikuwa nikienda Jumapili, namkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni na chai imepoa mbele yake, hanywi, hafanyi lolote. Nilikuwa nakasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani.

Kule Makete kaka yake, Zephania, alikuwa amemtunzia sehemu yake ya shamba la baba. Sasa mtoto wa marehemu dada yao alitaka kujenga pale, na Zephania akawa anapiga simu kila mara: unarudi au hurudi? Useme, tujue moja. Ndipo siku moja ya mwezi wa pili, tukiwa jikoni, Leonida akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga kwenda sokoni.

"Mti huu nimeupa mpaka msimu ujao. Ukizaa, nitakaa. Usipozaa, naenda kufia kwetu. Mzee atachukuliwa na Lerato."

Nilitazama mlango wa chumbani. Ulikuwa wazi. Wengine hapa husahau kwamba Sipho amekaa Morogoro miaka mingi na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watoto wetu, lakini Leonida si wa kusahau hilo. Nadhani alikuwa amechoka kiasi cha kutojali nani anasikia.

Mwezi wa tatu Lerato akajifungua. Leonida akaenda Pretoria kumkanda na kumpikia uji, na kaka mdogo wa Sipho akaja kukaa na mgonjwa. Aliporudi tulikwenda pamoja uani kuutazama mti, maana alikuwa ameniambia macho ya matawi, yaani vitumba vya maua, yamenona, mwaka huu una dalili. Tukaukuta uchi. Kuanzia usawa wa kiuno hadi usawa wa bega haukuwa na jani hata moja, huku kileleni majani yamejaa kama kawaida. Na kwenye matawi yale yaliyo uchi, kwa ukaidi, maua yalikuwa yameanza kufunguka, wakati baridi iko mlangoni.

Leonida alimwita Emery, yule Mkongo anayekuja kumkatia nyasi za uani, akamfokea kwa maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Emery akavua kofia.

"Mama, miye sikugusa iyi muti ata kidogo. Sijui nani alifanya ivi."

Akaondoka bila kunywa maji. Mimi nikawashuku viwavi, halafu ndege, halafu watoto wa jirani, na kila mmoja nikawa nimeshamhukumu.  Leonida alikuwa ameshika tawi karibu na uso, anapitisha kidole juu yake. Kila jani lilikuwa limevutwa kuelekea chini na kikonyo chake kimeachwa, ili jicho lililo nyuma yake lisijeruhiwe. Kiwavi hajui hivyo, wala mtoto. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanieleza polepole.

Kule Makete baridi ni ya mwaka mzima, ila haifiki makali ya kuupukutisha mti wa epo. Mtu ndiye anayeupukutisha, jani kwa jani, baada ya mavuno, na mti ukijiona uko uchi unadhani umelala na kuamka, unatoa maua. Sipho alipokwenda kumposa, baba yake Leonida hakumuuliza ana nini. Alimpa mti mmoja apukutishe, akakaa kwenye gogo kumtazama. Kijana wa mjini alimaliza jioni vidole vimevimba, na hakujeruhi jicho hata moja. Akapewa mke.

Tukaingia ndani. Sipho alikuwa amekaa kitandani na mkono wake mzima ameuficha chini ya blanketi. Leonida akauvuta. Kucha zilikuwa na weusi wa utomvu. Kumbe kila siku ndugu yake akitoka kwenda dukani, alikuwa akijikokota na fimbo hadi uani, anaegemea uzio, anapukutisha pale mkono unapofika. Nilikuwa na methali mdomoni, ile ya haraka na baraka, nikaimeza.

"Mama Lerato," akasema, na maneno yalimtoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo. "Ulisema mti ukizaa utakaa. Msimu ujao ni mbali. Nikataka uzae mapema."

Nilimwogopea. Leonida namjua, na mdomo wake akikasirika hauna breki. Alisimama pale ameushika ule mkono.

"Baba Lerato, huku majani hayapukutishwi," akasema. "Baridi ya huku inapukutisha yenyewe."

Mzee akafunga macho. Nadhani alielewa palepale alichokifanya.

Hakukuwa na la kufanya. Macho ya msimu ujao yalikuwa yameshatumika, na yaliyobaki kileleni hayakuwa ya kutegemewa. Leonida alikwenda kumwomba Emery radhi, Emery akakubali kwa adabu, lakini wiki iliyofuata hakuja. Maua yakafunguka yote, meupe yenye wekundu kwa mbali, mazuri mno, nami nikayachukia. Vikatokea vijitunda vidogo kama mbaazi. Mwisho wa mwezi wa tano sakitu ikashuka. Nilikuwa nimelala kwao usiku huo, asubuhi tukatoka na mashuka mabegani, tukakuta vijitunda vimekuwa vyeusi na laini, ukivibonyeza vinatoa maji.

Leonida alivichuma vyote akavitupa kwenye mbolea. Hakulia. Akanawa mikono, akachukua simu, akampigia Zephania palepale uani, huku pumzi yake inatoka kama moshi. Nilijua anakwenda kumwambia kaka yake ampokee. Mti haukuzaa, ahadi ni ahadi, na kwa kweli nilikuwa upande wake, maana mwili una kikomo.

"Kaka, mpe mtoto ajenge," akasema. "Mimi siji."

Zephania alisema mengi, sauti yake nikiisikia hadi pale nilipokuwa nimesimama. Leonida akaitikia tu, ehe, ehe, kisha akakata. Nikamuuliza dada, hutajuta?

Akasema atajuta, tena sana, labda kila siku. Kisha akaniomba niingie nimsaidie kumgeuza mzee ubavu, kwa sababu mwenyewe mgongo ulikuwa umegoma.