Samaki wa Bibi

Kompyuta ya Zohra, mshonaji wa nguo za maharusi mjini Nabeul, Tunisia, ilidai tena iwekewe mfumo mpya. Binti yake Rim alishaweka kidole kwenye kitufe.

"Mama, hii imezeeka kunishinda mimi!"

"Na wewe nikubadilishe?"

Walicheka, kisha Zohra akauondoa mkono wa Rim kwenye kitufe. Michoro ya marehemu mama yake ilikuwa humo, katika programu ya kutarizi ambayo fundi alisema haitafunguka kwenye mfumo mpya. Na katika familia yao, kila bibi harusi huvaa gauni lililotariziwa kifuani samaki wa heri aliowachora marehemu huyo.

"Samaki wangu wamo humu?" Rim, aliyekuwa karibu kuolewa, akauliza taratibu.

"Wamo, mwanangu."

Rim akachomoa waya wa intaneti, kompyuta isije ikajibadilisha yenyewe.

"Basi tuwatarizi kwanza."