Martina, Fundi Anayefuata Waya kwa Vidole

Ijumaa alasiri, Martina Antipasi amepiga magoti juu ya mkeka, sebuleni kwa Mwalimu Zefania, mjini Manyoni. Hasali. Sala yake fupi ameisali mlangoni, mfuko wa vifaa ukiwa bado begani. Sasa anafuata waya wa simu kwa vidole viwili, taratibu, kutoka nyuma ya kompyuta kuelekea ukutani.

"Macho hudanganya," ananiambia bila kugeuka. "Waya ukiutazama unauona mzima. Ukiushika ndipo unakwambia umepita wapi."

Kompyuta imekaa juu ya meza ya kulia chakula, na kitambaa chake cheupe cha maua kimekunjwa pembeni. Aliileta Gerald, mtoto wa nyumba hii, alipokuja likizo kutoka Uswidi anakosoma. Kando yake kuna kisanduku kidogo, modemu, ambacho kazi yake ni kupiga simu kwenye kampuni ya intaneti kwa kutumia waya wa simu ya nyumbani. Simu ikipokelewa, barua huingia.

Wiki hii haziingii. Kisanduku kinapiga, kinatoa kelele zake, kisha kinanyamaza.

Na safari hii kinachosubiriwa si barua tu. Gerald na mkewe wamepata mtoto wa kike, na Jumapili anabatizwa huko huko ugenini. Jina linatakiwa litoke Manyoni, kwa bibi yake, Mama Marietha, mke wa Mwalimu. Lakini Mama Marietha amesema hatoi jina kabla hajaiona sura ya mtoto. Gerald alipiga simu Jumatano mchana kusema picha ameituma kwenye kompyuta.

"Kwetu Kilimatinde mama yangu hakumpa mtu jina bila kumtazama uso," anaeleza bibi huyo, ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa chumbani. "Nikimpa jina la mpole, naye ana uso wa vita, nani atalaumiwa?"

"Atalaumiwa Gerald," anadakia Mwalimu Zefania, "kwa kwenda kuzalia kwenye barafu."

"Wewe cheka tu, Mwalimu. Mtoto akibatizwa Jumapili bila jina letu, utacheka na nani?"

Mwalimu anajua picha ikitumwa kwa posta itafika mtoto ameshabatizwa. Wazazi wake watamchagulia jina wenyewe, na huenda likawa jina zuri. "Lakini litakuwa halina mtu nyuma yake," anasema baadaye, kwa sauti ya chini.

Martina, ambaye majirani humwita Mama Yunisi kwa jina la bintiye, ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Mtinko, kaskazini ya mji wa Singida, katika familia ya wakulima. Kazi yake ya kwanza ilikuwa opereta wa simu katika shirika moja la umma. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka na kuchomoa nyaya ili mtu wa hapa aongee na mtu wa kule.

Miaka ya tisini mashirika yalipoanza kupunguza wafanyakazi, ubao ule uliondolewa, na yeye pia. Akauza mafuta ya alizeti kwa abiria wa treni stesheni. Parokia ilipoanzisha darasa la kompyuta la jioni, akajiandikisha. Wenzake darasani walikuwa wa rika la bintiye.

"Walikuwa wananiamkia kabla ya somo, shikamoo mama, halafu mwalimu akiuliza swali wananiacha nyuma," anakumbuka akitabasamu. "Nikawa naomba njiani: Bwana, sikuombi niwe wa kwanza, nipe tu moyo wa kurudi kesho. Nikarudi."

Leo ndiye anayeitwa kompyuta za mji zikikataa intaneti. Kwa nyumba moja hulipwa shilingi elfu tatu, na wengine humlipa kwa alizeti. Hana ofisi. Ana mfuko, bisibisi, brashi ya kufutia vumbi na vidole vyake.

Hapa kwa Mwalimu alifika mara ya kwanza Jumanne asubuhi. Alifuta vumbi kwenye soketi, akajaribu, na intaneti ikakubali papo hapo. Picha ilikuwa bado haijatumwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kupokea. Akafunga mfuko wake akaenda zake. Mwalimu, ambaye hutumia intaneti jioni tu kwa sababu mchana simu ni ghali, alijaribu Jumatano ikagoma. Alhamisi ikagoma. Leo asubuhi umeme haukuwapo.

"Kitu kinachokubali asubuhi na kukataa jioni si kibovu," anasema Martina, akisogeza kabati la vyombo kwa bega. "Kuna jambo linalotokea jioni ambalo asubuhi halipo. Mwalimu, asubuhi ile tulikuwa nani hapa ndani?"

"Mimi na wewe. Mama Gerald alikuwa kanisani na wenzake wa jumuiya."

Nyuma ya kabati, vidole vya Martina vinasimama. Waya unagawanyika. Tawi moja linarudi kwenye simu ya sebuleni. La pili linapanda ukutani, linapita tundu dogo juu ya fremu ya mlango, na kupotelea chumbani.

Martina anasimama na kufuta mikono kwenye kanga. Pazia la chumba kile amelikaribia kiasi cha kuligusa, lakini haligusi. Ni chumba cha wazee. Fundi au si fundi, mgeni haingii.

"Mwalimu, samahani. Huu waya unakwenda wapi?"

"Ah, huo? Ni simu ya Mama Gerald. Ya kupokelea tu, tangu magoti yalipoanza kumsumbua."

Wakati huo Mama Marietha ameshaingia chumbani. Ni saa yake ya rozari. Martina anamwangalia Mwalimu, kisha kompyuta.

"Naomba upige tena, Mwalimu. Halafu sote tunyamaze."

Mwalimu anabonyeza. Modemu inaanza kuhesabu namba kwa midundo midogo, tak-tak-tak. Nyuma ya pazia, kengele ya simu inaitikia kwa mbali sana, ti-ti-ti, kama kijiko kwenye glasi. Kitanda kinalia. Kisha inasikika sauti ya Mama Marietha, ya upole na ya juu:

"Karibu! Gerald? Ongea polepole, mwanangu!"

Modemu inanyamaza.

Mwalimu anageuka na kiti chake. "Mama Gerald! Unaongea na nani?"

"Na mwanao! Anakwaruza tena kama jana. Njoo basi na wewe umsikie!"

Mwalimu anaanza kucheka, anajizuia, anashindwa. Mama Marietha anachungulia kwenye pazia, rozari mkononi, hajui kosa liko wapi. Martina peke yake hacheki. Anamsogezea kigoda na kuchuchumaa mbele yake.

Anamweleza kwamba simu mbili za waya mmoja ni kama milango miwili ya nyumba moja. Kompyuta ikipiga simu kutoka sebuleni, midundo ya namba huitikisa kengele ya chumbani. Mtu akiinua mkonga wa simu ya pili wakati ule, mazungumzo ya kompyuta hukatika.

"Lakini imelia," anasema Mama Marietha. "Mtu akibisha hodi nimwache nje?"

"Hapana, mama. Ila huyu hakuwa anaingia. Alikuwa anatoka."

Bibi anasogeza punje moja ya rozari. "Siku zote hizi nikaona ni Gerald, Ulaya ni mbali, sauti inaharibika njiani. Nikawa naomba Mungu ainyooshe ile sauti. Kumbe mimi ndiye nilikuwa namfungia mjukuu wangu mlango."

"Ulikuwa unamkaribisha, mama. Ndiyo maana uliinua."

Martina angeweza kuuchomoa waya wa chumbani na kumaliza kazi kwa dakika moja. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakufanya hivyo, alijibu hivi. "Angelala leo akijua simu yake imefungwa kwa sababu yake. Mtu mzima aliyekuwa anapokea wageni, unamwadhibu?"

Badala yake anakisogeza kigoda mbele ya kompyuta. "Kaa hapa, mama, umsikie akitoka."

Mwalimu anabonyeza tena. Midundo inahesabu, kengele ya chumbani inaitikia, na bibi anageuza kichwa kwa mazoea. Martina anamwekea mkono begani. Kelele zinapanda, zinakwaruza, zinavutana. Kisha kimya, lakini kimya cha aina nyingine.

"Imeshika," anasema Mwalimu.

Picha haiji mara moja. Inashuka kutoka juu, mstari baada ya mstari. Kwanza ukuta mweupe. Kisha nywele chache. Kisha paji la uso.

"Paji pana," anasema Mama Marietha, akisogea. "Hilo si la kwetu."

Nyusi zinatokea. Macho, moja limefumbwa kidogo, kama mtu asiyeamini anachoambiwa. Bibi anaachia rozari ikae mapajani.

"Mwalimu. Tazama hilo jicho."

Mwalimu ametazama tayari.

"Ni mama yako," anasema mkewe. "Nilipoletwa hapa sijui hata kusonga ugali wa mtama, alinitazama hivihivi. Halafu akachukua mwiko, akanifundisha, na hakumwambia mtu yeyote." Anaisogelea skrini karibu kabisa. "Rahel. Huyu ni Rahel."

Mwalimu Zefania anavua miwani, anaifuta kwa shati, anaivaa. Kwa kidole kimoja anaandika herufi tano kwenye kibodi, anazisoma tena kama anasahihisha mtihani, na kuzituma.

Modemu inakata simu. Mama Marietha anafanya ishara ya msalaba, kisha anakwenda kubandika chai.

Tukiwa tunakunywa, Martina anaeleza mpango wake. Anatafuta chumba cha kupanga karibu na stesheni, chenye laini ya simu, apate kuweka kompyuta mbili. Wazazi wengi wa Manyoni na Itigi wana watoto walio mbali na hawana mashine nyumbani. Bintiye Yunisi anayesoma Singida mjini ameahidi kumsaidia wakati wa likizo. Bei za kompyuta hajui atazimudu lini. Anachojua ni jinsi chumba kitakavyokuwa.

"Kila mashine nitaiwekea viti viwili," anasema. "Hakuna anayekuja kutazama uso wa mtoto wake peke yake. Nilipokuwa opereta kazi ilikuwa moja tu, kumfikisha mtu kwa mtu. Naomba Mungu anirudishie ile ile."

"Kiti kimoja kitatoka hapa," anasema Mama Marietha, akipiga kigoda alichokalia.

Ndipo simu inapolia. Si ti-ti-ti ya mbali, ni kengele kamili, sebuleni na chumbani kwa pamoja. Mama Marietha ananyoosha mkono kwenye simu ya mezani, kisha anausimamisha hewani na kumtazama fundi.

"Hiyo inaingia, mama," anasema Martina. "Pokea."

Anainua mkonga. Anasikiliza. Sauti haikwaruzi.

"Karibu, mwanangu," anasema. "Rahel ameshindaje?"